Kikulacho ki Shingoni Mwako

Februari ya Dar es Salaam unaijua. Saa saba mchana hata kuku wa Magomeni wanagombea kivuli chini ya magari mabovu. Siku hiyo nilimkuta mama mdogo barazani kwake, mbele ya cherehani, amevaa sweta. Sweta zito la sufu, na kanga kaizungushia shingoni juu yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akaitika kwa sauti nzito kama ya mjomba wangu mvuta sigara. Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe hana habari ya utani.

Mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu yake siku nyingi. Wateja walisema ni uvivu, maana nguo ya wiki moja sasa ilikaa mwezi. Jirani wa kulia alisema ni jini. Wifi yake akasema ni mawazo, mume kasafiri harudi. Ukweli ni kwamba alikuwa ananenepa na huku hali, analala na haamki vizuri, nywele zinamtoka, na shingoni kapata uvimbe usiouma. Kituo cha kwanza alichokwenda walimbonyeza shingo mara mbili, wakamwambia, "Rovu hilo, mama. Upungufu wa madini joto. Kula samaki, tumia chumvi ya pakiti." Jamani! Mama mdogo ni mtu wa Mafia. Samaki asubuhi, samaki jioni, tangu hajaota meno. Lakini mgonjwa habishani na koti jeupe. Alikula chumvi ya pakiti mwaka mzima, na sweta likaendelea.

Aliyekuja kumtazama kwa makini alikuwa daktari mmoja dada, kijana tu, umri hautupishi sana. Alimtoa damu. Majibu yaliporudi akatuketisha, akasema kwa upole: "Mama, hapa hakuna mdudu, wala hakuna upungufu. Askari wa mwili wako wenyewe ndio wanaoishambulia hii tezi." Mama mdogo akanigeukia mimi, msomi wa familia. Mimi nikageukia ukuta.

Maana neno hilo "askari" nililijua kwa namna nyingine kabisa. Sisi tuliosoma katika miaka ya UKIMWI tulifundishwa kwa mabango: mwili ni boma, chembe nyeupe za damu ni askari, virusi ni adui, na ole wako askari wakiisha. Hakuna bango hata moja lililoniambia kwamba askari wakiwa wengi, wenye afya na silaha kamili, wanaweza kugeuka wakaanza kubomoa nyumba ya mwenye boma. Nikaenda kutafuta. Nilichokipata si somo la biolojia tu. Ni kisa cha jinsi neno moja la mtu mkubwa lilivyowaziba watu macho kwa nusu karne, na ndiyo sababu nakileta kwenye gazeti la watu wa kalamu badala ya kukiacha hospitali.

Kisa kinaanza na mbuzi. Mjini Frankfurt, Ujerumani, kwenye mwaka 1900 na 1901, Paul Ehrlich na msaidizi wake Julius Morgenroth walikuwa wakiwadunga mbuzi damu. Wakimdunga mbuzi damu ya mnyama wa jamii nyingine, mwili wake unatengeneza kingamwili za kuipasua damu hiyo. Wakimdunga damu ya mbuzi mwenzake, bado anatengeneza, kana kwamba hata jirani ni mgeni. Lakini wakimdunga damu yake mwenyewe, kimya. Hakuna kitu. Mbuzi hakuwahi kutoa sumu ya kujipasua.

Ehrlich akalipa jambo hilo jina la Kilatini, *horror autotoxicus*, yaani hofu ya kujitia sumu. Jina tamu, lazima tukubali. Linabaki kichwani kama kiitikio cha taarabu. Mwenyewe alisema kwamba mwili lazima una njia za kuzuia kingamwili za namna hiyo zisifanye kazi yake, kwa hiyo hakusema kuwa jambo hilo haliwezekani hata kidogo. Waliokuja nyuma yake walisoma jina, hawakusoma maelezo. Kwao sheria ikawa fupi: mwili haujishambulii, basi. Mwaka 1904 kule Vienna, Karl Landsteiner na Julius Donath walionyesha ugonjwa ambapo baadhi ya watu wakipigwa na baridi kingamwili zao wenyewe zinapasua chembe zao nyekundu, na mkojo unatoka mwekundu. Ushahidi ulikuwa mezani, miaka mitatu tu baadaye! Watu wakautazama, wakauita kioja, wakaendelea na mambo yao. Nani wa kubishana na Ehrlich, mtu aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908?

Wakati huohuo, mbali kabisa, katika mji wa Fukuoka nchini Japani, kulikuwa na daktari mpasuaji kijana anaitwa Hakaru Hashimoto. Alizaliwa 1881 katika ukoo wa matabibu. Pale Chuo Kikuu cha Kyushu alipewa vipande vya tezi vilivyokatwa kwenye shingo za wanawake wanne wa makamo. Aliviweka chini ya hadubini na kuona kitu ambacho hakikuwa kwenye vitabu.

Ngoja niieleze tezi yenyewe kwanza, la sivyo tutapoteana. Vitabu vya Kiswahili huiita dundumio. Imekaa mbele ya koo kama kipepeo aliyetua, uzito wake kama gramu 20 tu. Ndani yake imejaa vifuko vidogo sana, na kila kifuko kimejaa ute. Ute huo ni protini moja kubwa mno, thairoglobulini. Tezi inanyonya madini joto kutoka kwenye damu, inayabandika kwenye protini hiyo kwa msaada wa kimeng'enya, kisha inakata humo homoni kidogo kidogo kadiri mwili unavyohitaji. Homoni hizo ndizo zinazoamua moto wa mwili uwe mkubwa au mdogo. Moto ukipungua, utavaa sweta Magomeni mwezi wa Februari.

Katika tezi za wale wanawake wanne Hashimoto aliona vifuko vimesinyaa, na katikati yake zimejazana chembe nyeupe za damu, zimepiga kambi kabisa, zimejenga vituo kama vile vinavyoonekana kwenye matezi ya kwapani mtu anapougua. Lakini hapakuwa na mdudu wala usaha. Jeshi lipo, adui haonekani.

Aliandika yote hayo kwa Kijerumani, kurasa zipatazo 30 na michoro mitano, yakachapishwa katika jarida la upasuaji la Ujerumani mwaka 1912. Alikuwa na umri wa kama miaka 30. Baadaye akaenda Ujerumani kusoma zaidi, vita vya 1914 vikamkatizia masomo, akarudi nyumbani, akawa daktari wa watu wa kijijini kwao. Hakuandika tena juu ya tezi. Alikuwa akienda majumbani kwa wagonjwa, na mwaka 1934 akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 52. Huko Ulaya wengi waliosoma makala yake walisema hajaona jipya, ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa mwingine ulioandikwa na Mjerumani mmoja. Mpaka mwaka 1931 ndipo madaktari wawili wa Cleveland, Marekani, walipotetea kwamba huu ni ugonjwa unaojitegemea, na jina la Hashimoto likaanza kushika.

Sisi tunaohangaika kupeleka mashairi kwa wahariri, tukisubiri barua isiyokuja, tumtazame kidogo huyu bwana. Makala moja. Lugha ya kuazima. Leo jina lake liko kwenye kadi za hospitali za dunia nzima, hata kadi ya fundi cherehani wa Magomeni, na yeye mwenyewe hakuuona umaarufu huo. Sijui kama nimefarijika au nimeogopa.

Tuseme ukweli: Hashimoto aliona moshi, hakujua moto umewashwa na nani. Jibu lilichelewa miaka 44, na lilipokuja lilitoka sehemu tatu kwa mwaka mmoja, 1956, watu wasiokaa meza moja.

Sehemu ya kwanza ni Buffalo, Marekani, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mkuu wa maabara alikuwa Ernest Witebsky. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1901, mji uleule wa mbuzi wa Ehrlich na siku zilezile za mbuzi. Alifundishwa na Hans Sachs, ambaye naye alifundishwa na Ehrlich. Kwa hiyo yeye ni mjukuu wa Ehrlich kwa elimu. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika nchi, Witebsky, Myahudi, alikimbia Ujerumani, na hatimaye akafika Buffalo. Fikiria mtu kama huyo. Nchi imemtapika, na kilichobaki mkononi mwake ni mafundisho ya walimu wake. Je, atakuwa mwepesi kuyavunja?

Chini yake alikuja kijana, Noel Rose, aliyezaliwa 1927. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida: kusafisha thairoglobulini za wanyama mbalimbali na kuwadunga sungura nazo, aone kingamwili zinazotoka zinatofautianaje. Dawa ya kuchochea kinga aliyochanganya nayo ni ya Freund, mafuta pamoja na bakteria wa kifua kikuu waliokwisha kuuawa. Na kama mtafiti yeyote mwenye adabu, alijaribu pia thairoglobulini ya sungura kwa sungura. Hiyo ilikuwa ya kulinganishia tu. Kwa mujibu wa sheria ya babu, haikutakiwa kutokea kitu.

Ikatokea. Sungura walitengeneza kingamwili dhidi ya protini ya sungura.

Mzee hakuamini. Labda protini imeharibika wakati wa kusafishwa, ikawa si ya sungura tena. Labda sungura huyu na yule hawafanani, kama wale mbuzi majirani. Basi wakafanya jambo la kumaliza ubishi. Walimpasua sungura, wakamtoa nusu ya tezi, wakatengeneza dawa kwa tezi hiyohiyo, wakamdunga sungura huyohuyo. Hapo hakuna jirani wala mgeni. Ni yeye na yeye. Kingamwili zikatoka. Na walipoifungua shingo kuitazama ile nusu iliyobaki mahali pake, ambayo hakuna aliyeigusa, waliikuta imevamiwa na chembe nyeupe, vifuko vimebomolewa. Picha ileile ya wanawake wa Fukuoka.

Sasa hapo ndipo mzee alipopimwa. Angeweza kuifungia karatasi kabatini, na kijana angefanya nini? Alichofanya ni kudai majaribio yarudiwe na kurudiwa, miaka ikapita, mpaka akakosa pa kutokea. Halafu akaweka jina lake chini ya jina la kijana na wakachapisha, 1956. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya wagonjwa wa kibinadamu pia. Wapo wanaomsifu Rose peke yake. Mimi namvulia kofia mzee. Kijana kuvunja sheria ya babu ni kawaida, ndiyo kazi ya ujana. Lakini mjukuu mwenyewe kushika nyundo!

Sehemu ya pili ni London, Hospitali ya Middlesex. Deborah Doniach, daktari mama aliyezaliwa Geneva mwaka ule ule wa makala ya Hashimoto, 1912, alikuwa akifuatilia wagonjwa wa ugonjwa huo. Aligundua kwamba gamaglobulini, yaani fungu la protini za damu ambalo ndani yake mna kingamwili, linapanda kwao, na mpasuaji Vaughan Hudson akiiondoa tezi linashuka. Mbona lishuke? Kukata tezi na protini za damu wapi na wapi? Isipokuwa kama tezi yenyewe ndiyo inayozichokoza. Ivan Roitt na Peter Campbell, watu wa kemia, wakachukua maji ya damu ya mgonjwa wakayakutanisha na juisi ya tezi ya binadamu. Ikaganda nyeupe hapohapo. Ushahidi wa kuonekana kwa macho, hauhitaji hata hadubini. Kilichogandishwa kilikuwa thairoglobulini.

Sehemu ya tatu ni Dunedin, New Zealand, karibu na mwisho wa dunia. Duncan Adams na Purves walikuwa wanapima kitu kingine: kwa nini wagonjwa wa Graves, ambao tezi yao inawaka kupita kiasi, wanakonda, wanatetemeka, macho yanatoka nje. Walidhani ni homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi. Wakawadunga panya wa Guinea maji ya damu ya wagonjwa, na kweli tezi zao zikachangamka, lakini kwa kuchelewa na kwa muda mrefu kuliko ambavyo homoni ile ingeweza. Kitu hicho katika miaka ya 1960 kilitambuliwa kuwa ni kingamwili. Inashika kitasa kilekile kinachoshikwa na homoni, na inakibonyeza bila kuachia. Kwa hiyo askari haji na rungu siku zote. Kuna wakati anakuja kama mtu aliyekalia kengele ya mlango.

Na ukitaka ushahidi wa kukutoa machozi, huu hapa: mama mwenye Graves anaweza kujifungua mtoto ambaye moyo wake unakwenda mbio na tezi yake inawaka, na baada ya wiki au miezi michache mtoto anapona. Kingamwili za mama zilivuka kondo la nyuma, zikaisha taratibu. Mtoto alikuwa akiumwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Basi sheria ikavunjika. Lakini vijana wa kijiweni kwetu nilipowasimulia, mmoja akauliza swali lililoniumiza kichwa kuliko yote: "Kama mwili unaweza kujila, mbona sisi wote hatuna sweta?" Swali la mtaani, lakini ndilo swali lenyewe.

Jibu la kwanza lililotolewa lilikuwa rahisi: thairoglobulini imefungiwa kwenye vifuko, askari hawajawahi kuiona, na siku kifuko kikipasuka wanaidhania mgeni. Jibu zuri, ila si kweli. Baadaye katika miaka ya 1960 ilipimwa ikaonekana kwamba thairoglobulini inapita kwenye damu ya watu wazima wa afya kila siku, kidogo kidogo. Askari wanaiona tangu utotoni. Wanaiacha.

Kuiacha huko kuna historia yake. Mwaka 1945 Ray Owen wa Wisconsin alionyesha kuwa ndama mapacha waliochangia damu tumboni wanabaki na damu ya mwenzao maisha yote bila ugomvi. Macfarlane Burnet wa Australia akajenga hoja kwamba mwili hauzaliwi ukijijua, unajifunza. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake Billingham na Brent wakathibitisha kwa panya: mpe chembe za mgeni akiwa bado mchanga tumboni, atapokea ngozi ya mgeni huyo ukubwani. Burnet na Medawar wakagawana Nobel ya 1960.

Shule yenyewe iko wapi? Jacques Miller, mwaka 1961, aliionyesha: ni thaimasi, kinyama kilichokaa nyuma ya mfupa wa kifua, ambacho madaktari wengi walikidharau kama makaburi ya chembe zilizokufa. Humo ndimo seli T zinapofunzwa. Kaka zetu waliopita JKT wanajisifu kwa kwata na uji wa asubuhi. Kambi hii si mchezo wa namna hiyo. Kati ya kila seli kumi zinazoingia, zaidi ya tisa hazitoki hai. Nyingi zinakufa kwa sababu hazijui kushika chochote, hazifai. Nyingine zinakufa kwa sababu zinashika kwa nguvu mno vitu vya mwenyewe. Na kilichokuja kufahamika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinastaajabisha: kambi inatengeneza sampuli za protini za viungo vya mbali, za kongosho, za ini, na hata thairoglobulini ya shingoni, ili wanafunzi wazione na wapimwe kabla ya kutumwa mitaani. Msimamizi wa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni jini, ya kisayansi si ya jirani wa kulia, inayoitwa AIRE. Mtu akizaliwa na AIRE mbovu, kinga yake inashambulia kiungo baada ya kiungo.

Hata hivyo wapo wanaoponyoka. Kambi gani duniani isiyo na watoro? Kila mmoja wetu, mimi na wewe, tunazo seli zinazoweza kuishika tezi. Zinazurura tu. Kwa nini hazipigi?

Hapo turudi Japani. Mwaka 1969 Nishizuka na Sakakura waliwatoa panya thaimasi siku ya tatu tu baada ya kuzaliwa. Ungetegemea panya wasio na askari wa kutosha wawe wapole kwa miili yao. Wapi! Mayai ya uzazi yakaharibiwa, na katika kazi zilizofuata matumbo na tezi za shingo pia. Kumbe thaimasi haitoi washambuliaji peke yao. Inatoa pia watulizaji, na hao wanachelewa kutoka.

Kijana mmoja wa Kyoto, Shimon Sakaguchi, aliisoma habari hiyo ikamwingia damuni kiasi cha kuacha masomo yake ya juu na kwenda kufanya kazi kwenye taasisi ya saratani ya Aichi, mjini Nagoya, alikokuwa Nishizuka. Kisha yakamkuta ya kumkuta. Katika miaka ya 1970 seli za kutuliza zilikuwa habari ya mjini, kila maabara ina zake. Miaka ya 1980 ikaonekana kwamba jini lililodhaniwa ndilo alama yao halipo mahali lilipodaiwa kuwa. Wanasayansi walikimbia kama watu waliokamatwa kwenye pyramid za pesa, na kulitaja jambo hilo ikawa aibu. Sakaguchi hakukimbia. Mwaka 1995 akachapisha jaribio la wazi kabisa. Alichukua seli T za panya wazima, akaondoa zile zenye alama iitwayo CD25, ambazo ni kama moja kati ya kumi ya seli T wasaidizi, zilizobaki akawapa panya wasio na thaimasi. Panya hao wakavamiwa tezi ya shingo, tumbo, kongosho, na viungo vingine. Akiwarudishia zile alizoondoa, amani.

Mwaka 2001 kule Marekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipata jini la panya wanaozaliwa wagonjwa wa ngozi na kufa mapema, jini linaloitwa Foxp3, na ikaonekana kuwa wavulana wenye hitilafu katika jini hilohilo wanapata kisukari cha utotoni, kuharisha kusikokoma, na ugonjwa wa tezi. Miaka miwili baadaye ilionyeshwa kwamba hilo ndilo jini linaloifanya seli iwe mtulizaji. Watatu hao, Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi, walipewa Nobel mwaka 2025. Kutoka makala ya 1995, miaka 30.

Kwa hiyo mabango yetu yalisahau polisi wa jeshi, wale wanaowazuia askari wasifanye fujo uraiani. Dawa mpya za saratani zinazofungua breki za kinga ili askari wapige uvimbe zimetuonyesha jambo hilo kwa njia ya uchungu: mara kwa mara tezi ya shingo ndiyo inayopigwa nayo. Ukilegeza kamba, wanaijua njia ya kwenda shingoni.

Kwa nini hasa shingoni, na kwa nini wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume? Ukoo unachangia. Uzazi unachangia: Graves hutulia ujauzito unapokua na huweza kulipuka baada ya kujifungua. Na madini joto nayo, kwa kejeli ya mambo, yana mkono wake, kwani thairoglobulini iliyobeba madini mengi inawachokoza askari zaidi. Msinielewe vibaya, chumvi ya pakiti imewaokoa watoto wengi wa nyanda za juu, huko ambako marovu yalikuwa ya upungufu kweli. Lakini mwaka mzima wa chumvi haukuwa dawa ya mama mdogo.

Dawa yake ni kidonge. Hakiwarudishi askari kambini, kinajaza tu homoni iliyopotea. Wazo ni la zamani. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mama mmoja juisi ya tezi ya kondoo, na mama huyo aliishi miaka 28 zaidi, akimaliza tezi za kondoo zaidi ya 870. Mama mdogo nilipomwambia alisema afadhali kidonge, bei ya nyama anaijua.

Sweta lilivuliwa baada ya miezi miwili hivi. Sauti yake imerudi, na kwa bahati mbaya ya wateja wabishi imerudi na ukali wake.

Kuna kitu sijakisema. Yule dada daktari aliponiona naandika andika kila tunapokwenda, aliniuliza kama nami nimewahi kupimwa, kwa vile ni damu moja. Nikatoa mkono. Homoni zangu ni sawa kabisa. Kingamwili ninazo, dhidi ya kile kimeng'enya cha tezi, na si chache. "Ndiyo nini sasa, dokta?" nikamuuliza. Akasema wapo wanawake wengi wa namna yangu, wengine hawaugui maisha yao yote, wengine wanaugua, na kazi yetu ni kupima kila mwaka. Kwa hiyo nilipoandika habari za watoro na polisi wao, sikuwa naandika habari za Nagoya tu.

Jumamosi iliyopita nilifika alfajiri. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani na glasi ya maji, maana kidonge chake kinamezwa kabla ya chai. Akakimeza, akanitazama shingo kwa muda.

"Na wa kwako wamelala?"

"Wamelala, mama mdogo."

"Haya, usiwaamshe," akasema, akanyanyuka kwenda kufungua mlango wa baraza, akaanza kuivuta cherehani nje.